Deni la Kabla ya Mvua

Mazungumzo yetu ya leo tutayaanzia kwenye kikombe cha kahawa, tena kile kikombe kidogo kisicho na mkono, cha Kuze.

Kwa wasioijua, Kuze ni mtaa wa Mji wa Kale, kisiwani Mombasa. Vichochoro vyake ni vyembamba, hata jirani wa dirisha hili na jirani wa dirisha lile huweza kupeana chumvi bila ya kushuka ngazi. Nje ya milango mna mabaraza ya mawe. Jua likipoa, wazee hutoka wakakaa, na hapo ndipo husikika vikombe vikigongwa, kling, kling, maana yake muuza kahawa amefika. Mkono mmoja ameshika dele lenye makaa chini yake, mkono wa pili vikombe. Kahawa yenyewe ni chungu, haitiwi sukari. Atakaye utamu hula kashata au tende.

Sisi tunaosema nanyi, mtu na mkewe, tulipanga orofa ya juu katika nyumba ya bibi mmoja mwenyeji wa mtaa huo kuanzia mwaka 1979 hadi 1986. Mmoja wetu alikuwa karani bandarini Kilindini, mwingine akishona nguo nyumbani. Tulikuwa watu wa kanisa, tena mmoja wetu mzee wa kanisa, na majirani zetu karibu wote walikuwa Waislamu. Hatukupata kuona ubaya kwao. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tukiletewa futari hadi mlangoni.

Chumba cha chini alipanga kijana kutoka Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, naye alifanya kazi bandarini vile vile. Mama yake alikuwa mjane mwenye shamba dogo la mibuni, na shamba hilo ndilo lililosomesha watoto wote wa nyumba ile. Kijana alituheshimu mno. Alituita Mzee na Mama, na Jumapili tulikwenda pamoja ibadani.

Basi mwezi wa pili wa mwaka 1982, mtoto wetu wa kwanza aliitwa kidato cha kwanza. Karo haikutimia. Kijana alipopata habari alipanda juu na bahasha. "Mzee," akasema, "hizi ni za dawa ya kahawa ya mama. Anazihitaji kabla ya mvua. Mkinirudishia mwisho wa mwezi, hawala itafika kwa wakati." Zilikuwa shilingi mia sita. Tulimshukuru, tukamwahidi wiki mbili.

Mwisho wa mwezi ulifika. Mshahara ulikuja, na malipo ya saa za ziada juu yake, kwa sababu meli zilikuwa nyingi. Fedha za yule kijana tulikuwa nazo mkononi, tulizihesabu sisi wenyewe juu ya kitanda. Jumamosi yake tukaenda Barabara ya Digo, tukanunua redio.

Tunasema jambo hili kwa sauti ndani ya redio, nasi tunajua linavyosikika.

Hatukukusudia kumdhulumu. Tulijiambia kwamba mwezi ujao tutamlipa, kwamba dawa ya mimea si kitu cha siku moja, kwamba huko bara mvua wakati mwingine huchelewa. Mtu wa mjini ni mwepisi wa kujitungia elimu ya shamba! Kijana naye alikuwa akipanda jioni kusikiliza taarifa ya habari katika redio ile ile. Alikaa mkekani, akasikiliza, akasema asante, akashuka. Hakusema neno. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mmoja wetu alisimama kanisani akaongoza maombi ya mvua kwa ajili ya wakulima wa bara, na kijana akaitika amina pamoja nasi.

Mvua ilinyesha.

Hapa yafaa tueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa wengi wenu mnakunywa kahawa, na wengine ndio mnaoilima. Mibuni ina maradhi mengi ya kuvu, yaani jamii ile ile ya ukungu tunaouona juu ya mkate uliolala. Yako yale ya majani, yaitwayo kutu, ambayo baada ya mwaka 1869 yaliangamiza mashamba ya kahawa ya Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, hata wenye mashamba wakageukia chai. Lakini huu tunaousema hauangalii majani. Unashika buni yenyewe, ingali mbichi. Watanzania wanauita chulebuni, na wakulima wa Kenya huutaja kwa herufi tatu za Kiingereza. Uligunduliwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, kisha ukaenea katika nchi za Afrika zilimazo kahawa ya Arabika. Ethiopia, nyumbani kwa kahawa yenyewe, uliingia mwaka 1971. Mahali usipozuiwa, katika mwaka wenye mvua nyingi na baridi, waweza kuchukua hata asilimia 80 ya mavuno.

Kwa muda mrefu wataalamu waliichanganya kuvu hiyo na ndugu zake wapole, wanaokaa katika magome ya mibuni bila kudhuru. Mwaka 1993 ndipo ilipotengwa na kupewa jina lake, Colletotrichum kahawae. Angalieni neno la pili, msikilizaji. Wataalamu wana desturi ya kutunga majina kwa Kilatini, lakini hapo wamelichukua neno letu la Kiswahili, lile lile analolinadi mzee wa Kuze.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kuvu hujificha katika magome ya vijiti, na katika buni kavu zilizoachwa mtini tangu msimu uliopita. Hapo hutoa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, vimegandamana kwa ute. Upepo peke yake hauvipeperushi. Vinangoja maji. Tone la mvua likipiga, linavilowesha na kuvirusha kwenye buni changa zilizo karibu, na matone yatiririkayo hushuka navyo tawi kwa tawi. Vikipata unyevu wa saa chache na ubaridi wa milimani, vinaota na kutoboa ganda. Baada ya siku kadhaa huonekana doa jeusi lililobonyea. Doa hukua, na buni hugeuka nyeusi yote, ikaanguka au ikanyauka papo hapo mtini. Buni iliyo hatarini zaidi ni ile iliyo katika kunenepa, wiki chache baada ya maua, nayo katika nchi ya Kirinyaga huwa inanenepa hasa wakati wa masika.

Kwa hiyo mvua tuliyoiombea ndiyo iliyokuwa gari la ugonjwa. Hatusemi kwamba maombi yalikosewa. Mfalme Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya nane, alitaja ukosefu wa mvua na koga kwa pumzi moja, maana alijua kwamba mkulima huogopa vyote viwili. Sisi tuliomba la kwanza. La pili lilihitaji shilingi mia sita.

Dawa ya ugonjwa huu, kama vile unga wa shaba unaochanganywa na maji na kunyunyiziwa kwa bomba, haiponyi buni iliyokwisha kuingiliwa. Ni mfano wa mwavuli. Hufunika ganda ili vijimbegu vikitua vife kabla ya kutoboa. Hunyunyiziwa kabla ya mvua kuanza, kisha hurudiwa kila wiki tatu au nne hadi buni ziwe ngumu. Na kuna jambo jingine ambalo watafiti wa Kenya waliligundua, nasi tulipolisikia baadaye lilituchoma: shamba lililotiwa dawa wakati usiofaa, au likaachwa katikati, laweza hata kudhurika kuliko lile ambalo halikutiwa kabisa, kwa sababu dawa huua pia vile viumbe vidogo vya magomeni vilivyokuwa vikiishindania nafasi ile kuvu.

Kijana tulimlipa nusu mwezi wa nne. Nusu ya pili ilikuwa katikati ya mwezi wa tano. Alituma hawala siku ile ile, mara zote mbili. Chama chao cha ushirika hakikuwa na dawa ya mkopo mwaka ule, na mama hakuwa na njia nyingine. Akanyunyiza mwezi wa tano, akanyunyiza wa sita.

Mwezi wa saba ililetwa barua. Ilikuwa jioni, tumekaa barazani na bibi mwenye nyumba, mzee muuza kahawa anamimina, kijana akaifungua bahasha mbele yetu. Mama hakujua kuandika, aliyeandika alikuwa mdogo wake wa shuleni. Ndani, katika kipande cha karatasi ya daftari, zilikuwamo buni tano. Zilikuwa nyeusi, nyepesi, zimekunjamana kama karafuu iliyoungua. Akazimwaga katika kisahani cha kashata.

Mzee muuza kahawa aliweka dele lake chini. Alikuwa ameuza kahawa pale Kuze kwa zaidi ya miaka thelathini, ameikaanga, ameitwanga, ameitia tangawizi na iliki, wala hakupata kuona mbuni hata siku moja. Joto la Mombasa si mahali pa mti ule. Akachukua buni moja, akaizungusha vidoleni. "Hii ndiyo buni ilivyo mtini?" akauliza.

"Sivyo, Mzee," kijana akajibu. "Nzuri ni nyekundu, imejaa. Hizi ni za ugonjwa." Akamweleza habari ya mvua na dawa, kwa taratibu, kama mtu amsomeaye mwenziwe barua. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Basi mwanangu, na mwajua dawa yake. Kwani hamkutia mapema?"

Sisi tulikuwa tumekaa hapo hapo, vikombe mikononi. Tulijua kwamba jibu lake analo, na kwamba ana haki ya kulitoa mbele ya mtaa mzima. Kijana aliangalia kile kisahani.

"Tulichelewa," akasema.

Neno lake lilikuwa ni hilo tu. Hakusema walinichelewesha. Alijitia ndani pamoja nasi, na mama yake pia ambaye hakuchelewa hata kidogo. Bibi mwenye nyumba akasema Mungu atawapa nyingine, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki. Sisi tulipanda ngazi. Redio ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa kilichofumwa. Usiku ule hatukuifungua.

Ndugu msikilizaji, tulikuwa tumemlipa deni lote, senti kwa senti. Kama angetushtaki kokote, daftari lilikuwa safi. Hilo ndilo lililotusumbua tulipolala. Mithali sura ya tatu hukataza kumwambia jirani aende na arudi kesho, iwapo alichokijia unacho nyumbani, na siku zote tuliisoma kama habari ya ubahili. Hatukupata kufikiri kwamba mtu aweza kurudisha fedha zote, na bado kile alichokichukua kikawa hakikurudi. Tulichukua wiki za mwezi wa tatu. Wiki hizo haziuzwi Barabara ya Digo wala popote.

Redio tuliiuza kwa hasara. Mwezi wa kumi na moja tuliomba likizo, tukapanda gari-moshi la usiku hadi Nairobi pamoja na kijana, na kutoka hapo basi. Hatukuwa tumeona shamba la kahawa, ijapokuwa mmoja wetu alikuwa ameandika magunia ya kahawa katika hati za meli kwa miaka mingi.

Mama yule alitupokea kwa chai. Tulishangaa kidogo, kisha tukafahamu: wengi wa wakulima wa kahawa wa sehemu zile hunywa chai, kahawa ni ya kwenda mnadani. Baadaye alitutembeza. Ilikuwa wakati wa kuvuna, na majirani waliotia dawa mapema walikuwa wakibeba makarai mekundu. Katika mibuni yake, matawi mengi yalikuwa matupu, au yameshika vile vitu vyeusi. Palikuwa na nyekundu pia, chache, hapa na pale. Tulichuma pamoja naye mchana kutwa: nyekundu katika kikapu, nyeusi katika gunia kuukuu ili zikachomwe, kwa maana zikiachwa mtini ndizo zitakazoamsha ugonjwa msimu ujao. Gunia lilijaa mara tatu. Kikapu hakikujaa.

Jioni tukamwambia. Yeye alijua Kikuyu, nasi hatukijui, kwa hiyo ilibidi kijana awe mkalimani wa ungamo letu. Tulieleza yote, karo, ahadi ya wiki mbili, mshahara, redio. Tukaziweka mezani fedha za redio ziwe za dawa ya mwaka unaofuata. Kijana alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema na mama yake kwa Kikuyu, maneno machache sana kuliko yetu. Kama aliyafasiri yote au aliyapunguza, hatujui hadi leo. Mama alituangalia mmoja mmoja, akazichukua fedha, akazihesabu, akazifunga katika pindo la leso. Akasema jambo.

"Mama anasema," kijana akatuambia, "mtoto wenu mumlete likizo ijayo. Kuna kazi ya kupogoa."

Tulimpeleka, mwaka ule na miaka iliyofuata. Kupogoa si jambo dogo katika ugonjwa huu: mti uliofunguliwa matawi hukauka upesi baada ya mvua, na kuvu haipendi ukavu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilikuwa tangu mwaka 1971 kikizalisha mbegu itakayostahimili, baada ya hasara kubwa za miaka ya mwisho ya sitini. Walichukua nguvu kutoka Rume Sudan, kahawa ya mwituni ya nyanda za Boma, ambazo leo zimo Sudan Kusini, na kutoka mbuni wa kisiwa cha Timor uliojichanganya wenyewe na Robusta, wakaziunganisha na kahawa ya Kenya yenye ladha. Mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, inayovumilia chulebuni na kutu pia. Miche yake ilikuwa haba, kwa sababu kila mbegu hutokana na ua lililochavushwa kwa mkono wa mtu. Mama aliingoja zamu yake kwa miaka kadhaa, akapata. Mwaka 2010 ikafuata aina nyingine, Batian, na kijana, ambaye siku hizi ni mzee mwenye wajukuu, ameipandikiza juu ya visiki vya mibuni ile ile ya mama yake, kwa kuwa mizizi ya zamani ingali na nguvu.

Lakini tumeruka mbele. Siku ile ya kuondoka, mwaka 1982, kijana alimwambia mama yake habari za mzee wa Kuze aliyeuza kahawa miaka thelathini bila ya kuona buni nzuri. Mama alicheka mara ya kwanza tangu tufike. Akaenda shambani asubuhi na umande, akarudi na buni nyekundu kumi na mbili, akazifunga katika jani la mgomba.

Tulifika Kuze siku ya pili magharibi. Jani lilikuwa limenyauka, na buni zimeanza kupoteza wekundu wake, lakini zilikuwa nzima. Tukazitia katika kisahani kile kile. Mzee aliweka dele chini, akaokota moja, akaimenya kwa kucha, akaona mbegu mbili zimelaliana ndani ya ute. Kabla hatujamwambia neno akaitia mdomoni. Akanyamaza, akaifyonza.

"Kumbe ni tamu," akasema.

Akaokota ya pili, akaifunga katika leso yake, ya kumwonyesha mkewe. Kisha akainua dele na kuuliza nani hajapata.